Mgonjwa Niliyempigia Makofi

Mwezi uliopita walinipa keki, leso mbili na hotuba saba, wakaniambia sasa niende nikapumzike. Nimepumzika siku tisa. Siku ya kumi nilijikuta nikimwamuru jirani avue viatu nimkague miguu, na mume wangu akasema heri niandike kuliko kutisha watu. Basi naandika, kwa ajili yenu mnaobaki kwenye kliniki ya sukari: wewe Marwa, na nyinyi wauguzi wapya ambao magoti yenu bado hayajaanza kutabiri mvua. Naandika kwa Kiswahili ili Mkuria asiseme nimemficha na Mluo asiseme nimemwongezea. Kuhusu vyeo na mshahara sina la kusema. Vyeo vilikuja kwa barua, na barua zilichelewa.

Nilianza kazi Homa Bay, chini ya Sista Skolastika, mwanamke aliyesomea kwa masista wa Asumbi na ambaye hakuwahi kumsamehe mtu anayetembea akiburuta viatu. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi mashine ya kupima sukari. Ilikuwa moja kwa jengo zima, na aliihifadhi ndani ya soksi ya mtoto mchanga isije ikagongwa. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mnene, mchangamfu, ambaye mashine ilisema ana sukari ya kumlaza mtu hoi. Nilitoka mbio kumwita daktari. Daktari akaja mbio, nesi wawili nyuma yake, na yule mama akaanza kulia kwa kuona jinsi tunavyokimbia. Sista Skolastika hakukimbia. Alimshika mkono, akaunusa, akamuuliza alikuwa akila nini kwenye foleni. Nanasi. Tulimnawisha kwa sabuni, tukapima tena, na sukari yake ikawa nzuri kuliko yangu. Tangu siku hiyo, kila kliniki niliyofanya kazi ilikuwa na ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na aliyeruka ndoo alinijua.

Somo la pili la Sista Skolastika lilikuwa miguu. Alisema mwenye sukari anaweza kukudanganya kwa mdomo lakini miguu haijui uongo. Nilidhani ni maneno ya uzee mpaka tulipomvua mzee mmoja kiatu tukakuta ndani kizibo cha soda. Alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi, kimemchimba unyayo, na hakuhisi chochote. Mzee alikitazama kile kizibo kwa mshangao, akauliza ni soda gani.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Migori, na huko ndiko nilikozeekea kazini. Wagonjwa wetu walitoka kila upande. Wachimba dhahabu wa Osiri walikuja na vidole vigumu kama kwato, sindano inapinda ngozi ikicheka. Siri yao ni hii: tumia ubavu wa kidole cha mwisho, na mwambie aning'inize mkono kwanza. Wavuvi na wakulima walitoka upande wa ziwa, na hao hawakuwa na friji ya kuhifadhi insulini, kwa hiyo tuliwafundisha chungu. Unachukua chungu kikubwa, unaweka kidogo ndani yake, katikati unajaza mchanga, unaumwagilia maji asubuhi na jioni, unafunika kwa kitambaa kibichi. Insulini inakaa humo baridi kabisa. Mgeni mmoja alikuja kutufundisha jambo hilo kwa picha za ukutani, na akina mama wakamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wakamsahihisha kuhusu mchanga.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Mimi nilikuwa mkali. Sitajipamba. Wagonjwa waliniita Polisi wa Ugali, na mimi jina hilo nililipenda. Aliyekuja na sukari ya juu nilimsema mbele ya benchi lote, na aliyekuja na sukari nzuri nilimsimamisha, wote wakampigia makofi ya kilo, yale ya mdundo wa shuleni. Niliamini aibu na sifa zinaponya. Kila Jumanne kliniki yangu ilikuwa nusu shule ya msingi, nusu mahakama, na watu walicheka sana. Wapo walioacha kuja, lakini wasiokuja hawakuwa mbele yangu, kwa hiyo sikuwahesabu.

Mfalme wa makofi alikuwa Mzee Oyugi wa Karungu. Ujanani alikuwa karani wa soko la samaki, lakini upande ule wote walimjua kama emsii wa mazishi. Wenzangu wasio wa huku, eleweni: mazishi kwetu ni siku nzima. Kuna wakwe, wajomba, kanisa, wanachama, waliosoma na marehemu, na kila kundi lina zamu yake ya kusema na sehemu yake ya kukaa na kula. Emsii ndiye anayejua nani anafuata nani. Akikosea, ukoo mzima unaweza kuondoka umenuna. Mzee Oyugi hakuwa akikosea. Alikuwa na sauti ya kutuliza mtoto, na aliweza kumnyang'anya mwanasiasa kipaza sauti bila mwanasiasa kugundua.

Alipoanza kliniki sukari yake ilikuwa inapanda kama moshi. Nilimhoji nikagundua kwamba kila Ijumaa na Jumamosi yuko matangani, na kila matanga yana ugali, mchele, nyama na chai ya sukari tele, na emsii hula mara mbili au tatu kwa sababu kila kundi linataka ale kwao. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu baadaye nilirudishiwa, "Mzee, mazishi ndiyo yanakuharibia sukari. Achana nayo."

Aliachana nayo. Mwezi uliofuata sukari yake ilikuwa nane. Uliofuata, saba. Kisha sita na nukta mbili, namba ambayo hata sisi wauguzi hatuna. Nilimsimamisha, nikaliambia benchi limtazame huyu, huyu ndiye mtu anayejipenda. Makofi yalipigwa mpaka watu wa maabara wakachungulia. Mzee Oyugi alisimama, akatabasamu kidogo, akakaa. Niliona ametulia. Nikafikiri amekuwa mnyenyekevu.

Wakati huohuo ndipo alipokuja Marwa, kliniko kijana kutoka Kuria, yaani tabibu wa ngazi iliyo chini ya daktari, ambaye wagonjwa humwita daktari na amechoka kuwasahihisha. Alikuwa ametoka mafunzoni Homa Bay na karatasi yenye maswali tisa ya kupima sonona. Alinieleza kwamba sonona ni huzuni inayogeuka ugonjwa, inamwondolea mtu usingizi, hamu na nguvu, na kwamba mwenye sukari huipata kwa urahisi. Akishaipata hawezi kuishughulikia sukari vizuri, na sukari ikimsumbua sonona inazidi. Kwa hiyo yatibiwe yote mawili palepale, meza moja, siku moja. Nilimwambia mimi nina miguu mia moja ya kukagua, mioyo nitaipatia wapi nafasi? Akacheka. Marwa ana tabia hiyo ya kucheka kisha kufanya alichokusudia.

Basi nilikubali, lakini kwa njia yangu. Nilisimama mbele ya benchi nikasoma maswali kwa sauti kama ninaita majina darasani. Katika wiki mbili hizi, nani amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda? Ainue mkono. Kwenye benchi lile kiongozi wa kwaya alikuwa amekaa bega kwa bega na mke wa mchungaji wake, na Mzee Abdalla mwenye duka la vyuma pale mjini alikuwa katikati ya wateja wake. Walinijibu pamoja, "Nyasaye ber," Mungu ni mwema, na Mzee Abdalla akaongeza alhamdulillahi. Nilijaza sifuri karatasi hamsini. Nikampelekea Marwa nikamwambia kwa fahari kwamba Migori hakuna sonona.

Marwa alizipekua zile karatasi polepole. "Sista, hata mimi ningekuwa kwa hiyo bench singeinua mkono," alisema. "Mama mkwe angejua kabla sijafika home."

Nilimjibu kitu, sikumbuki nini, ila kilikuwa kirefu.

Haukupita muda mrefu, Jumanne moja Mzee Oyugi hakuja. Alikuja mkewe, Mama Dorina, na kadi yake. Nilianza kumsema kabla hajakaa: mgonjwa hachukuliwi dawa na mtu mwingine, namna hii ndiyo watu wanavyopoteza miguu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alfajiri ile alimkuta mzee amelowa jasho, anamwita kwa jina la marehemu mama yake, na alimrudisha kwa kumnywesha maji ya sukari. Haikuwa mara ya kwanza. Mzee anachoma insulini yake kila siku kwa saa yake, lakini chakula anasukuma sahani. Hasemi na mtu. Redio amezima. "Sista, anakula ka ndege," alisema. "Na wewe kila mwezi unampigia makofi."

Nilichukua kadi. Upande wa sukari ulikuwa mzuri wa kutia kwenye fremu. Upande wa kilo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, uliandikwa themanini na moja, sabini na nane, sabini na nne, sitini na tisa. Nilikuwa nimeandika namba zile kwa mkono wangu huku nikiwaambia watu wampigie makofi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na natumaini nyinyi hamtaiona.

Tulikwenda siku hiyohiyo baada ya kliniki kwa pikipiki ya chanjo, Marwa mbele, mimi nyuma nikisali. Mzee Oyugi alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, koti limemzidi mabega. Alitusalimu vizuri, akaagiza tuletewe viti. Chungu chake cha insulini kilikuwa pale kivulini, mchanga umelowa vizuri, kitambaa safi. Katika kliniki yetu nzima hakuna aliyekuwa na chungu kama kile. Kwa kila nililomwagiza alikuwa ametii.

Marwa alianza na la haraka: alipima, akapunguza dozi ya insulini, akamweleza Mama Dorina kwamba kuanzia sasa chakula kwanza, sindano baadaye, na kama hajala haichomwi. Mimi nilipiga magoti nikamvua mzee viatu. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kushika kitu ninachokijua.

Ng'ambo ya shamba kulikuwa na mazishi, na vipaza sauti vilitufikia wazi. Emsii wa kule, kijana fulani, aliwaita wakwe waje waseme. Nikahisi mguu wa mzee ukishtuka mkononi mwangu. "Wakwe kabla ya wajomba?" alinong'ona. "Huyu ataleta vita." Lilikuwa neno la kwanza alilosema bila kuulizwa.

Nikamuuliza mbona hakwenda. Alinitazama kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza.

"Si wewe ulisema, Sista? Mazishi ndiyo inaharibu sukari. Nikaacha."

Nilimwambia nilimaanisha chakula, si mazishi. Akatikisa kichwa kama mwalimu kwa mtoto mzito. Akanieleza kwamba mtu hawezi kwenda kwa wafiwa akakataa chakula chao. Mara ya kwanza alijaribu. Alishika kipaza sauti siku nzima, wakati wa kula akasema ameshiba, na kufikia jioni kulikuwa na maneno: wengine walisema amejiunga na dhehebu lisilokula matangani, wengine walisema anaogopa atawekewa kitu, kwa hiyo anawashuku wenye boma. Mwenye boma alikuwa binamu yake. Basi akaona ni heri asiende kabisa. Na asiyekwenda kuzika, alisema, watu hawamwambii tena nani amekufa. Alikuwa amesikia kifo cha rafiki yake wa miaka arobaini kupitia vipaza sauti, akiwa kwenye kiti kile.

Niliendelea kumfuta vidole, na bila kuinua kichwa nikamuuliza yale maswali tisa, polepole, moja moja. Safari hii yalijibiwa. Hamu hakuwa nayo. Usingizi ulimwacha saa nane za usiku. Alijiona mtu wa kazi bure. Nilipofika swali la mwisho, la kama anaona ni afadhali asingekuwepo, aligeuza uso kuelekea kule vilikokuwa vipaza sauti.

"Sijapanga kitu," alisema. "Lakini nikilala, nisipoamka pia ni sawa."

Nililia pale chini, Polisi wa Ugali, nimeshika mguu wa mtu. Mzee aliniwekea mkono begani akaniambia pole. Marwa alivuta kiti karibu, akamwambia kwamba hii ni sonona, ni ugonjwa kama sukari ilivyo ugonjwa, si upungufu wa imani wala uvivu, na ina matibabu. Tulikubaliana na Mama Dorina kwamba sindano atazitunza yeye, kwamba mzee hataachwa peke yake wiki zile, na kwamba Alhamisi tungerudi. Alhamisi tulirudi.

Kliniki ilibadilika baada ya hapo, na hii ndiyo sehemu mnayopaswa kuisoma mkiwa mmekaa wima. Chumba cha kuhifadhia vyandarua tulikisafisha tukakiwekea mlango unaofungika. Makofi nilipiga marufuku, jambo lililowahuzunisha wagonjwa zaidi ya kukatazwa soda. Maswali tisa yakahamia miguuni: muuguzi anakagua nyayo, mgonjwa anatazama juu ya kichwa chake, na hapo, kwa kuwa hakuna anayetazamana na mwenzake, watu husema. Jumanne ya kwanza tu nilipata wanne. Mmoja alikuwa kiongozi wa kwaya. Mwingine alikuwa mchimba dhahabu, jitu zima, aliyeniambia kwamba sukari imemwondolea nguvu za chumbani na tangu hapo amehamia kulala mgodini, na kwamba nikimcheka ataondoka. Sikumcheka. Marwa alimtafutia dawa, kisha akamwita mkewe wakazungumza watatu, na baadaye mke huyo alinitumia kuku.

Kwa Mzee Oyugi, Marwa alianza na kidonge kimoja kila asubuhi, akamwonya kwamba kitachukua wiki kadhaa kabla hajaona faida. Mzee alilalamika kinywa kinamkauka, nikamwambia emsii mwenye kinywa kikavu ajifunze kusema kwa ufupi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alicheka. Mazungumzo yalikuwa kila wiki mbili. Katika mazungumzo hayo mgonjwa huchagua jambo moja alilokuwa akilipenda na kulirudia kidogo kidogo, hata kama hana hamu, kwa sababu hamu mara nyingi huja nyuma ya miguu. Marwa alimpa mifano: bustani, kwaya, kucheza ajua, lile bao la Waluo, na wazee wenzake. Mzee alisikiliza yote akasema anataka mazishi.

Hapo sisi watatu na Mama Dorina tulikaa kikao ambacho hakimo katika mwongozo wowote wa wizara. Tatizo lilikuwa sahani. Asipokula ni matusi, akila vyote ni hospitali. Mama Dorina ndiye aliyelifungua. Alisema wanaume hujadili chakula mezani, lakini chakula huamuliwa jikoni, na katika jikoni zote za Karungu ana shoga. Atakwenda siku moja kabla na kupanga na wapishi: samaki, mboga za kienyeji nyingi, na ugali wa mtama ukubwa wa ngumi yake yeye, si ngumi ya mzee. Mzee ataukuta umeshapakuliwa. Mzee akaongeza sharti lake mwenyewe: atakula kwanza, na atakula mbele ya watu.

Nilikwenda kushuhudia. Alikuwa anazikwa mwalimu mmoja mstaafu, na watu walikuwa wengi. Mzee Oyugi alipopanda pale mbele na koti lake lililomzidi, minong'ono ilitembea kwenye hema kama upepo kwenye mahindi. Alichukua kipaza sauti, akakipuliza, akasalimia kila kundi kwa mpangilio wake, wajomba kabla ya wakwe. Kisha akainua sahani yake juu ili wote waione.

"Mimi niko na sukari," alisema. "Nilikaa kwangu nikapata na ugonjwa ya huzuni, hata hiyo natibiwa. Nitakula hapa, lakini ni hii. Mtu asiseme Oyugi amekataa chakula ya wenyewe."

Akaketi, akala, watu mia kadhaa wakimtazama anavyotafuna. Alipomaliza mjane wa marehemu aliinuka akamshukuru, "Erokamano," na kazi ikaendelea. Mimi niliona waume kwa wake wakisogeza sahani zao pembeni kidogo, wakifikiri. Jumanne iliyofuata nilipata wageni saba kutoka Karungu, na wawili kati yao hawakuuliza habari za sukari kabisa. Waliuliza chumba cha ile nyingine kiko wapi.

Miezi ikapita, msimamizi akaja kukagua mafaili. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Alifungua faili la Mzee Oyugi, ambalo alilikumbuka kwa sababu mwaka uliotangulia nililionyesha kama mfano, akakunja uso. Sukari ilikuwa imetoka sita na nukta mbili ikafika nane na nusu. Akaniuliza mgonjwa wetu bora ameharibikiwa wapi. Nilimweleza kwamba kilo zimerudi, kwamba sukari haijamshuka tena alfajiri, kwamba maswali tisa sasa anayajibu akiniuliza kama sina mapya, na kwamba Jumamosi tatu zijazo ana kazi. Akasema hayo ni mazuri, ila fomu yake ina sehemu mbili tu: ameimarika, au amezorota, na namba imepanda.

Nilimwomba kalamu. Nikaweka alama kwenye ameimarika, nikaikandamiza mpaka ikatokea upande wa pili wa karatasi, nikamrudishia fomu atie sahihi.